Sikumeza Kitu

Ijumaa, 1 Machi

Daktari kasema niandike. Si lazima yawe mengi, kasema, andika umelalaje, moyo umekwendaje, jasho, mikono, hasira. Nikamwambia mimi ni kinyozi, nimezoea kusikiliza ya wengine. Hakucheka. Ni mama mfupi mwenye miwani, na kila akitaka kukwambia neno zito anaivua kwanza. Jana aliivua mara nyingi.

Haya. Usingizi: sina. Moyo: unakimbia hata nikiwa nimekaa kitako. Jasho: mvua imeanza juzi, watu wote wamejifunika masweta, mimi nimelowa mgongo ndani ya shati. Hasira: tuiache kwanza.

Mikono ndiyo habari yenyewe. Pale dukani naitwa Mkono Mwepesi, na jina hilo sikujipa. Mtu alikuwa anakaa kwenye kiti changu, nampitishia wembe kooni, anasinzia. Tangu mwaka uanze vidole vinacheza vyenyewe. Nikishika wembe mteja anakodoa macho kwenye kioo, halafu anasema afadhali leo apunguzwe kwa mashine tu. Kwenye kiti cha pili yuko mwenzangu tunayemwita Mashine, tulimpa jina hilo kwa sababu wembe ulimshinda, na siku hizi hata yeye ndiye anayemalizia ndevu za wateja wangu. Wanadhani nakunywa. Pombe sijawahi kuionja.

Nakula sahani mbili na bado nakonda. Mkanda nimeutoboa matundu mapya kwa msumari.

Daktari anasema ni tezi, hii iliyo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Damu imeonyesha kwamba homoni yake imejaa mwilini kupita kiasi, na ndiyo inayonikimbiza hivi. Asichojua ni kwa nini. Huenda tezi imepagawa, inatengeneza mchana na usiku bila kupumzika. Hiyo haiponi yenyewe, ina dawa yake. Au huenda imeumia tu, inavujisha akiba yake. Hiyo inaachwa, inapoa. Ili kujua ni ipi, nitapewa iodini kidogo yenye mionzi, halafu wapime shingo imenyakua kiasi gani. Tezi inayotengeneza ina njaa ya iodini, itanyakua nyingi. Inayovuja haina haja nayo. Iodini ndiyo ile inayotiwa kwenye chumvi, wanaiita madini joto. Yaani mimi ninavyowaka hivi, nimeonekana nimepungukiwa na joto.

Sasa hasira. Jumapili nilivunja kikombe ukutani kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Chai. Mke wangu akaokota vipande vyote, akaja akakaa mbele yangu, akasema taratibu, "Kama ni ugonjwa, mume wangu, nitavumilia mpaka mwisho. Nimemuuguza mama yako mpaka nikamfumba macho, siogopi ugonjwa. Lakini kama ndivyo ulivyogeuka, niambie mapema nijue moja."

Hilo ndilo ninalokwenda kupimwa. Daktari anadhani ni tezi.

Jumamosi, 2 Machi

Mvua. Sikulala.

Jumatatu, 4 Machi

Mwenye duka kaniuliza kwa upole kama nina matatizo nyumbani. Nikamwambia matatizo yapo hapahapa, mkononi, si anayaona. Nilisema kwa sauti kubwa mno, mteja wa Mashine akageuza kichwa akachongwa vibaya juu ya sikio.

Koo linakereketa kwa ajili ya hizi kelele zangu, na hapa mbele nahisi kama kuna punje imekwama. Mke wangu anaamini ugonjwa wote umeanzia hapo. Tangu Januari amekuwa akiniletea ile dawa ya kahawia ya kusukutua, asubuhi na jioni, kwenye glasi, na haondoki mlangoni mpaka asikie nimeguruma na kutema. "Mpaka nyuma kabisa," anasema. "Usiichezee mdomoni kama mtoto." Ni saa pekee ya siku ambayo hatugombani, maana nina maji mdomoni.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimemeza mionzi. Chumba chenyewe kiko mwisho wa korido ya hospitali, mlango mzito, ndani kijana mwenye koti jeupe na kucha safi sana. Kazi yake ni kupima shingo za watu kutwa. Nimemwita Bwana Shingo, moyoni tu.

Aliniuliza maswali akiwa ameinamia karatasi. Unameza dawa yoyote? Ya moyo, ya kikohozi, ya mitishamba, vitamini? Sijameza kitu, nikamwambia. Umepigwa picha ile ya kuchomwa dawa kwenye mshipa? Hapana. Unakula mwani? Nikamwambia mimi si samaki. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni na mkoba wake magotini, akatabasamu kidogo. Siku nyingi sijamwona akitabasamu.

Kidonge chenyewe kidogo, hakina ladha. Kabla hajanipa alikiweka ndani ya shingo ya plastiki akaipima ile shingo, apate kujua iodini nzima ni kiasi gani, ndipo kesho alinganishe na iliyobaki kwangu. Nimeipenda ile shingo ya plastiki. Imetulia.

Alasiri nilirudi kupimwa mara ya kwanza. Unakaa kwenye kiti, unaegemeza kichwa, unainua kidevu, bomba nene la chuma linasogezwa mpaka karibu na koo. "Tulia, mzee. Usizungumze, usimeze mate." Maneno hayo mimi nimeyasema maisha yangu yote, nikiwa nimesimama upande wa pili. Nilitaka kumweleza, lakini ndiyo hivyo, nimeambiwa nisizungumze. Alipima na paja pia, ili kujua kilichomo kwenye damu tu. Hakusema ameona nini. Akasema njoo kesho.

Alhamisi, 7 Machi

Asilimia moja.

Bwana Shingo alipima mara mbili, akanihamisha kiti akapima tena. Mtu mzima asiye na tatizo, shingo yake hushika kama kumi hadi thelathini. Aliyepagawa, hamsini, sitini na kuendelea. Yangu moja. Mke wangu akauliza, "Moja ndiyo nzuri?" Akasema daktari ataeleza.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari hakuvua miwani. Kasema ni ile ya kuvuja, tezi imeumia na itapoa, wiki sita hivi, pengine zaidi kidogo. Dawa ya kuizuia haifai kwa sababu tezi haitengenezi kitu. Kanipa vidonge vya kupunguza mbio za moyo tu.

Njiani mke wangu alinishika mkono, jambo ambalo hatujafanya barabarani tangu tukiwa wachumba. "Wiki sita," akasema. "Hizo hata nikiwa nimebana pumzi nazimaliza." Mvua ilikuwa inanyesha na tulikuwa na mwavuli mmoja. Nilimwambia ausogeze upande wake, mimi maji ya baridi ndiyo ninayoyataka.

Jumapili, 10 Machi

Vidonge vimepunguza mbio kidogo. Mikono bado.

Jumatano, 13 Machi

Bado.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua haikatiki. Ukuta wa chumbani umetoa madoa, nguo zinakaa siku tatu bila kukauka. Mimi nalala juu ya sakafu tupu, dirisha wazi, na mke wangu yuko kitandani na mablanketi mawili. Tunasemezana kutoka huko na huku. Leo kaniuliza kama nimeona nafuu. Nikamwambia kila siku unaniuliza, mimi si mtihani. Baadaye akaniletea glasi ya kusukutua, nikasukutua.

Alhamisi, 28 Machi

Nimemkata mwalimu.

Ni mwalimu mstaafu, mteja wangu tangu nikiwa na kiti kimoja chini ya turubai. Alikataa kwenda kwa Mashine. "Mkono Mwepesi ndiye ananijua," akasema, akakaa, akafumba macho. Nilijikaza kisabuni. Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Nilipofika chini ya taya upande wa kushoto vidole vikaruka, wembe ukaingia. Haikuwa ndefu lakini shingo inatoa damu nyingi, taulo likawa jekundu lote. Mzee wa watu hakupiga kelele. Alinishika mkono ule ule ulioshika wembe akasema, "Basi, basi, si kitu."

Halafu, badala ya kumwomba radhi, nilimfokea. Nilimwambia angetulia. Hakutikisika hata kidogo na nilimwambia angetulia, mbele ya duka zima.

Mwenye duka kaninyang'anya wembe. Sasa naosha vichwa na kufagia nywele. Mashine anapita pembeni yangu kwa adabu sana, ananiita kaka, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimefagia.

Jumanne, 2 Aprili

Nimefagia. Mvua.

Jumapili, 7 Aprili

Kilo nyingine mbili zimeondoka. Macho yamenitoka mbele, najiona kwenye kioo cha duka kama mtu aliyeshtuliwa akasahau kurudi. Mke wangu anasema wiki zinakwisha, niombe. Anasema hivyo huku ananitazama kwa namna mpya. Nadhani ameanza kunipima na yeye.

Jumapili, 14 Aprili

Leo nimempigia mke wangu kelele kwa ajili ya kijiko. Kilikuwa kwenye kikombe na kiligonga. Nilipomaliza kupiga kelele, na nilichukua muda, alikuwa amekaa mikono juu ya meza. "Daktari alisema wiki sita," akasema. "Wiki zenyewe zinaisha Ijumaa. Kwa hiyo hiki kilichobaki ni nani?"

Nilikuwa najiuliza hilohilo. Asilimia moja maana yake tezi haifanyi kitu. Kama yenyewe imetulia, basi anayepiga kelele ni mimi.

"Ijumaa tunakwenda kwa daktari," akasema. "Nitakwenda na wewe nisikie kwa masikio yangu. Baada ya hapo nitajua moja."

Ijumaa, 19 Aprili

Lazima niandike yote. Nikiyaacha kichwani yatanipasua.

Foleni ilikuwa ndefu, mvua ilikuwa inaingia mpaka kwenye mabenchi ya korido. Tulipoingia daktari aliangalia majibu ya damu, akaniangalia macho, akagusa shingo. Akavua miwani. Damu imekuwa mbaya zaidi. Tezi imekua. "Hii haifanani na iliyoumia," akasema. "Ingekuwa imeanza kushuka. Hii inafanya kazi kama kiwanda. Lakini kipimo kilisema haishiki iodini kabisa. Kimojawapo kinanidanganya." Akaanza kuniuliza upya. Dawa gani unameza? Hizo zako za moyo tu, nikamwambia. Kabla ya kipimo je? Sikumeza kitu. Ilikuwa kweli. Ningeapa.

Mke wangu akaangalia saa ya ukutani, akafungua mkoba. "Samahani, daktari," akasema, "asubuhi tulitoka mbiombio, hajasukutua," akanipa chupa na kikombe kidogo alichokifunga kwenye leso, nikasukutue pale kwenye sinki la kunawia. Alikuwa ameibeba. Kwenye foleni yote ile alikuwa ameibeba ile dawa kwa ajili ya koo langu.

Daktari akanyoosha mkono. Akasoma lebo karibu na macho, maana miwani ilikuwa mezani. Akauliza pole pole tangu lini. Mke wangu akajibu kwa fahari kidogo: tangu Januari, asubuhi na jioni, hajakosa siku, namsimamia mwenyewe.

Basi ndiyo hivyo. Ile dawa ni iodini. Rangi yake ile ya kahawia ndiyo iodini yenyewe. Huimezi, unaitema, lakini ngozi ya mdomo na ya koo inaifyonza, kila asubuhi na kila jioni, mpaka mwili umejaa. Siku ile nilipomeza kile kidonge, tezi ilikuwa imevimbiwa iodini ya chupa, haikuwa na nafasi ya ile ya kipimo. Ndiyo maana moja. Si kwamba haina njaa. Ilikuwa imeshiba. Na tangu hapo, akasema daktari, ni kama tumekuwa tukiilisha.

Alimwita Bwana Shingo. Akaja, akasikia, akabaki amesimama na ile karatasi. "Nilimuuliza unameza nini," akasema. "Ndivyo tunavyouliza siku zote." Nilimwona sura imemshuka. Hakuna aliyekosea kwa makusudi, daktari akasema, na mpango mpya ni huu: acha dawa ya kusukutua leo, subiri mwili ujisafishe kama mwezi, tupime tena. Kuanza dawa kwa kubahatisha hataki, kosa moja linatosha.

Ndipo mke wangu akasema, "Kwa hiyo ni mimi."

Daktari akamwambia hapana, mama, wewe ulikuwa unamtibu. Akatikisa kichwa. "Ni mimi," akasema tena, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Halafu akanigeukia, na usoni mwake, pamoja na machozi yote, kulikuwa na kitu kingine. Ilikuwa nafuu. Nimeielewa saa hii, saa ile sikuielewa. Alikuwa amepata jibu lake. Ni ugonjwa. Mumewe ni mgonjwa, si mbaya. Alikuwa tayari kubeba kosa zima kichwani mwake mradi mimi nisiwe mbaya.

Tulitoka barazani. Mvua ilikuwa kubwa, watu wamejibanza kwenye nguzo wakingoja ipungue. Akanishika kiwiko. "Nisamehe," akasema. Nikamwambia, na sikupiga kelele, hiyo ndiyo inayonitisha, nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama ulimmaliza kwa uuguzi wako, sasa zamu yangu. Sema tu kwamba ulikuwa unaitaka nyumba."

Watu wa nguzo ya pili walisikia. Mmoja alijifanya anakunja mwavuli.

Hayo maneno si yangu. Ni ya dada yangu, aliyasema jikoni siku ya msiba wa mama, kwamba huyu wifi amejitoa kufua mashuka ya mgonjwa miaka miwili kwa sababu anajua nyumba ataachiwa nani. Nilimtoa dada nje mbele za watu, hatujasemezana vizuri mpaka leo. Mke wangu anajua kisa chote. Ndiyo maana nilipoyasema hakuuliza nina maana gani.

Aliachia kiwiko. Akaingia kwenye mvua bila mwavuli, mwavuli aliniachia mimi. Nilipofika nyumbani nguo zake za kazini hazikuwepo, wala sanduku dogo. Amekwenda kwa kaka yake, ng'ambo ya mji, yule seremala.

Jumapili, 21 Aprili

Simu yake inaita mpaka inakatika.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefagia.

Jumatano, 1 Mei

Shemeji kapokea. "Shem, dada yupo, mzima," akasema, nyuma yake msumeno unanguruma. "Ila hataki kuzungumza. Mimi siingilii." Nikamwambia amwambie ni ugonjwa, daktari kathibitisha. Akasema, "Hilo analijua."

Jumanne, 7 Mei

Mvua, mvua, mvua. Bati la jikoni limetoboka, ndoo imejaa na kumwagika nikiwa kazini. Nimekaa juu ya meza miguu juu, sakafu yote maji, nikaona haya maji yamenizidi, hata nguvu ya kuyafagia sina. Sikuwasha taa. Nyumba hii ilikuwa ya mama. Nilimwambia mke wangu aliitaka. Chumba gani alikitaka hasa? Hiki kinachovuja?

Jumapili, 12 Mei

Najua sasa ninachosubiri. Siku ile tarakimu ikitoka kubwa nitaichukua nimpelekee. Nitamwambia hiyo hapo, soma mwenyewe, haikuwa mimi. Nikiwa sina usingizi ndicho ninachokifanya, naomba shingo yangu iwe na ugonjwa. Sijui kama kuna mtu mwingine anayeomba hivyo.

Jumatatu, 20 Mei

Bwana Shingo kaniuliza upya. Safari hii hakuinamia karatasi. Unameza nini, unapaka nini, unasukutua nini, unadondoshea nini machoni, kuna kidonda chochote unachosafisha. Kila neno alilipa nafasi yake. Mwisho akasema, "Nisamehe, mzee, kwa ile mara ya kwanza." Nikamwambia nilijibu kile nilichoulizwa. Tukacheka kidogo, kicheko kibaya. Nikameza kidonge.

Jumanne, 21 Mei

Sitini na nane.

Bwana Shingo akanionyesha mwenyewe. Daktari kavaa miwani, kavua, kavaa. Sasa hakuna shaka, kasema, tezi imepagawa na ilikuwa imepagawa siku zote. Nimeanza dawa leo, vidonge vya kuizuia isitengeneze. Itachukua wiki kadhaa mpaka akiba iishe.

Kutoka hapo nilimpigia shemeji. Nikamwambia mwambie sitini na nane. Akaenda, akarudi. "Anasema kunywa dawa. Ukitulia kabisa, uje."

Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia mbele za watu. Ukitulia uje. Ameniita.

Jumamosi, 1 Juni

Nimelala mpaka asubuhi. Nimeamka nimejifunika shuka.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua imekatika. Nilihisi baridi leo, baridi ya kweli, nikatafuta sweta, nikakuta mke wangu amelikunja kwenye kabati na sabuni kipande katikati lisinuke unyevu. Nilikaa nalo muda mrefu.

Jumatano, 12 Juni

Nimeanza kukumbuka. Nilipokuwa ninawaka kila kitu kilipita haraka, sikuwa naona nyuso. Sasa zinakuja moja moja. Mwalimu alivyofumba macho. Mke wangu akiokota vipande vya kikombe. Wale watu wa barazani. Dawa inanipoza na kadiri ninavyopoa ndivyo ninavyoona vizuri, na sina tena hasira ya kujifichia.

Jumanne, 18 Juni

Mashine alinipa wembe mbele ya wote, akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti changu. "Nichonge, kaka. Nikifa mtagawana viatu vyangu." Watu wakacheka. Nilimnyoa mpaka chini ya taya. Alisinzia, au alijifanya.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekwenda.

Nilinyoa ndevu, nikavaa shati la mikono mirefu, nikachukua karatasi ya kipimo na kuikunja mfukoni. Kwa shemeji unapita karakanani kwanza, mbao zimeegemezwa, vumbi la msumeno mpaka kwenye nyusi zake. Akanipa mkono, akaniangalia vidole, akaniacha nipite.

Mke wangu alikuwa uani, anaanua nguo. Amekonda yeye sasa. Alinipa kiti, akaniletea chai, akakaa. Aliniuliza usingizi, nikasema nalala. Akauliza mikono, nikainyoosha mbele yake, akaitazama muda mrefu. "Alhamdulillahi," akasema, na alisema kwa moyo. Nilitoa karatasi. Hakuichukua. "Naijua," akasema. "Sitini na nane. Kelele nimekusamehe siku ileile. Vikombe, vijiko, mwalimu, hayo yote najua yalitoka wapi, na mimi nilikuwa nayachochea bila kujua. Hayo hatudaiani."

Nikasema asante. Nilidhani tumefika.

"Ninalo moja tu," akasema. "Lile la barazani. La mama na nyumba. Nalo lilikuwa ugonjwa?"

Jibu nilikuwa nalo mfukoni, limeandikwa na kupigwa muhuri. Nilifungua mdomo. Na badala ya kusema, nikaanza kutafuta. Kwa sababu sasa nimetulia na nikiulizwa kitu nakitafuta kwanza. Nilijiuliza kama nilipomtoa dada nje siku ya msiba nilimtoa kwa kuwa amesema uongo, au kwa kuwa amesema kwa sauti. Nikajiuliza miaka yote hii, kila mke wangu alipobadilisha pazia au kusogeza kabati la mama, ni kitu gani kile kidogo kilichokuwa kikinipita moyoni. Nilikitafuta kilipoanzia. Sikuona. Sikuona kama kilikuwepo kabla, wala sikuona kama hakikuwepo. Nilitaka nimpe ukweli, mtu huyu kuliko wote, na ukweli sikuwa nao.

Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, na niliona nimechukua muda mrefu kupita kiasi.

"Ungesema tu ni ugonjwa," akasema. "Ningekubali."

"Ni ugonjwa," nikasema.

"Sasa hivi unasema kwa sababu nimekufundisha."

Hakulia. Alisimama, akamalizia kuanua nguo, akazikunja zote, na zangu hazikuwemo. Mimi nilikaa pale na mikono yangu juu ya magoti, imetulia. Jua lilipoanza kushuka alimwita kaka yake, akamwambia anisindikize mpaka barabarani, mgeni asije akapotea njia.